Shajara ya mradi wa mwamba wa zege, kusini mwa Tanga

Novemba 2022, kabla ya kushusha mawe

Eneo tulilokubaliana na kamati ya usimamizi wa fukwe ya kijiji ni uwanda wa vifusi, wenye kina cha mita nane hivi maji yakiwa yamekupwa. Zamani hapa palikuwa na mwamba hai, kabla haujapasuliwa kwa baruti. Wavuvi wazee wangali wanapaita kwa jina la mwamba huo, ijapokuwa anayezamia leo haoni ila vipande vya matawi ya matumbawe vilivyotapakaa mchangani kama kuni zilizomwagwa. Uvuvi wa baruti uliitesa pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na ingawa misako iliyoongezeka kuanzia mwaka 2016 imeupunguza sana, majeraha hayakupona siku milio iliponyamaza. Sababu yake ni kwamba kipande kilichovunjika hakitulii. Kila kusi ikivuma, mawimbi huviviringisha vipande hivyo, na mtoto wa tumbawe aliyejishikiza juu ya kimojawapo husagwa kabla hajafikia ukubwa wa punje ya mchele. Kwa hiyo tunaweka mawe mazito yasiyosogea. Bahari hii haijaishiwa mabuu ya matumbawe, yaani watoto wao wachanga wanaoelea majini. Mabuu ndiyo yaliyoishiwa mahali pa kukaa.

Mawe yenyewe ni ya zege, matupu ndani, na yana matundu ya ukubwa mbalimbali pande zote. Tumeyaacha yaloweke kwa wiki kadhaa pale ufukweni ambapo maji hujaa na kupwa, kwa sababu zege bichi huvuja chokaa kali: pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hufika 12 hadi 13, ilhali ya maji ya bahari ni 8 na kidogo. Viumbe wengi wachanga hawawezi kuvumilia tofauti hiyo.

Kulikuwa na waliopendekeza matairi, kwa kuwa ni rahisi na yamejaa mitaani. Nimeliandika jibu langu hapa ili lisisahaulike. Mwaka 1972, karibu na Fort Lauderdale katika jimbo la Florida, Marekani, matairi yapatayo milioni mbili yalizamishwa kwa nia njema ya kujenga mwamba. Vibanio vilivyoyafunga viliharibika, matairi yakatawanyika, na dhoruba zikayasukuma hadi yakaugonga mwamba wa asili uliokuwa jirani. Viumbe karibu hawakuota juu yake, na kazi ya kuyatoa imechukua miaka mingi. Meli za chuma ni habari nyingine. Dania iliyozamishwa kaskazini mwa Mombasa mwaka 2002 imekuwa makazi ya samaki, na Oriskany, manowari kubwa iliyokuwa ikibeba ndege, ilizamishwa karibu na Pensacola, Florida, mwaka 2006 kwa kusudi hilohilo. Lakini chuma humomonyoka kwa kutu, na gamba la kutu likibanduka huondoka na mpangaji wake. Sisi tunataka kitu kitakachobaki mahali pake miaka 50 ijayo.

Siku ya tatu

Samaki wamewahi. Mawe hayajatulia vizuri mchangani, na tayari vitatange wawili wanazunguka tundu la juu, changu wadogo wamejikusanya upande wa kivuli, na bunju mmoja amelala chini ya ukingo kana kwamba alizaliwa hapo. Mfadhili ameomba picha, nasi tumempelekea, pamoja na maelezo marefu kuliko aliyoyaomba.

Maelezo hayo ni muhimu, kwa sababu kosa kubwa la miradi ya namna hii hutendeka katika wiki ya kwanza. Samaki hawa hawakuzaliwa hapa, na mawe haya hayana chakula chochote cha kuwapa. Wametoka kwenye vichaka vya mwamba vilivyosalia jirani, wakavutwa na kivuli na maficho. James Bohnsack, mtafiti wa Marekani, alilieleza swali hili mwaka 1989 kwa namna ambayo haijapitwa na wakati: wingi wa samaki kwenye mwamba wa kutengenezwa unatokana na kuongezeka kwao, au kukusanyika kwao tu? Kama wamekusanyika tu, basi anayewavua hapo anamaliza kwa urahisi zaidi samaki walewale waliokuwa wametawanyika. Kwa hiyo tumeiomba kamati ieneze habari kwamba madema yasitegwe hapa mpaka tuwe na ushahidi mwingine. Si wote waliofurahi, na siwalaumu.

Wiki ya pili

Leo nimeshinda juu ya mashua nikitazama kigae kimoja kwa kioo cha kukuzia. Tumevifunga vigae vidogo pembeni mwa mawe na chini yake ili tuwe na kitu cha kupandisha juu bila kuusumbua mwamba wenyewe.

Kigae kilichokuwa cheupe sasa kina ute wa rangi ya chai ya maziwa. Ukiupitisha kidole huhisi utelezi, na alama ya kidole hubaki. Ute huo ndio msingi wa kila kitakachofuata. Mara jiwe linapoingia baharini, protini na sukari zilizoyeyuka majini hulishika na kulivika utando usioonekana. Kabla siku haijaisha bakteria huwa wamefika, wakaanza kutoa gundi yao wenyewe. Baada ya siku chache hufuata diatomu, vimwani vya chembe moja vyenye ganda la silika, na hivyo ndivyo vinavyoleta rangi hii ya kahawia. Kisha huja vijidudu vinavyowala bakteria, na vinavyowala vijidudu hivyo. Kwenye kigae chenye upana wa kiganja pana malisho, wachungaji na wawindaji, na mtu akipita juu yake kwa miwani ya kuzamia atasema jiwe bado ni tupu.

Jambo lililonishika zaidi ni kwamba wanaofuata huusoma utando huu kabla ya kuamua. Bakteria wa aina fulani hutoa kemikali zinazowaambia mabuu kwamba hapa panakalika, na wengine hutoa zinazowafukuza. Jiwe lisilo na utando halina habari yoyote ya kumpa kiumbe anayetafuta makao ya maisha yake yote.

Januari 2023

Kaskazi imetulia, maji ni maangavu, na mawe yamebadilika sura. Sehemu za juu zimeota mwani mfupi wa kijani kama zulia. Pembeni pamejaa vikombe vyeupe vya chokaa, wale viumbe wagumu ambao mabaharia huwakwangua kwenye mbao za chombo kila kinapopandishwa pwani kusafishwa. Maisha yao yanastahili kuelezwa. Buu wake hujibadilisha ngozi mara kadhaa akiwa anaelea na kula, hadi anapofikia hatua ya mwisho ambayo hali kabisa. Kazi yake ni kutafuta mahali. Hutembea juu ya jiwe kwa vipapasio, akigusa hapa na pale, akiondoka na kurudi. Akisharidhika, hutoa gundi na kujibandika kichwa chini, hujijengea kuta za chokaa pande zote, na tangu hapo huishi vivyo hivyo, akirusha miguu yake nje kama upepeo ili kunasa chakula. Hana nafasi ya pili. Pamoja nao wamo minyoo waliojijengea vibomba vyeupe vilivyopindapinda juu ya zege.

Tasi wameanza kulisha juu ya zulia la mwani. Nilipomwamkia mzee mmoja mtega madema na kumweleza hayo, hakushangaa.

“Marahaba, mwanangu. Dema jipya nalo halina kitu,” alisema. “Liache liote majani, ndipo tasi aliingie. Sisi hatulali njaa tukilisubiri. Twatega la zamani.”

Nimemwomba awaeleze vijana wa kijiji kwa maneno hayohayo, kwa sababu yanaeleza hoja yetu ya kusubiri kuliko taarifa niliyoiandikia kamati.

Kuna habari mbaya pia. Mawe mawili ya upande wa kusini yana kuta tupu. Si kwamba yana viumbe wachache. Kuta zenyewe ni tupu, laini, na zina mng’ao hafifu, ilhali jirani zake zimejaa. Tulipofuatilia tuligundua kwamba fundi tuliyempa kazi alipaka oili chafu ya gari ndani ya boksi za mbao ili zege lisinate. Ndivyo anavyofanya kila siku kwa matofali ya nyumba, wala hakuna aliyemwambia asifanye hivyo hapa. Tulisimamia kipimo cha saruji, mchanga na kokoto kwa makini, lakini hatukuchungulia ndani ya boksi. Kosa ni letu. Tumeamua kuyaacha mawe hayo palepale, tuyaandike peke yao, na tuone yatachukua muda gani.

Julai 2023

Kusi imetuzuia kuzamia kwa wiki nyingi, na tulipofanikiwa tuliona kwamba kila jiwe limekuwa na makazi mawili. Juu, zulia la mwani limenasa tope na kuwa kama godoro chafu. Chini na ndani ya matundu, ambako jua halifiki na tope halitui, kumejaa rangi: sifongo za machungwa na zambarau, vinyama vya umbo la kifuko vinavyovuta maji kwa tundu moja na kuyatoa kwa jingine, na vitambaa vyembamba vya viumbe vinavyoishi kwa maelfu katika ganda moja. Wote hao huchuja maji, nao huyala yale yaletwayo na mkondo.

Nafasi imekwisha. Sifongo moja imetambaa juu ya vikombe vyeupe na kuwafunika wakiwa hai. Waliokufa wameacha vikombe vitupu, na ndani ya vingi kuna kaa mdogo au samaki mwembamba anayetoa kichwa tu. Wapangaji wa kwanza wamekuwa nyumba za wapangaji wa pili, na sehemu hiyo ya jiwe ina mikunjo na vishimo ambavyo sisi tusingeweza kuvichonga.

Ninachokihofia ni godoro la tope. Mtoto wa tumbawe hawezi kujishikiza juu yake, na anayeweza kuliondoa ni samaki mla mwani. Hesabu yetu ya pono na kangaja ingali ndogo. Wakivuliwa hapa sasa hivi, mwani utashinda.

Novemba 2023, mwaka mmoja

Mvua za vuli za mwaka huu, zikisukumwa na El Niño, zimekuwa kubwa, na mto Pangani umemwaga tope hadi maji ya pwani yakawa rangi ya udongo. Hata hivyo tulipata usiku mmoja wa maji yanayopitika, tukazamia na tochi ya mwanga wa buluu.

Kabla ya kueleza tulichokiona, ni lazima nitaje rangi ya waridi. Tangu Septemba, pale ambapo pono wamekwangua mwani, limejitokeza gamba jembamba gumu la waridi, kama rangi iliyomwagika ikakauka. Hilo ni jamii ya mwani inayojijengea chokaa, na kwangu ndiyo dalili kubwa kuliko samaki wote wa siku ya tatu. Gamba hilo hugandamiza na kuunganisha vitu vilivyolegea, na tena mabuu ya matumbawe mengi hulitambua kwa kemikali zake na za bakteria waishio juu yake, yakashuka na kutulia.

Matumbawe ya pwani yetu hayatoi mayai yote kwa usiku mmoja wa mwaka kama ilivyo sifa ya baadhi ya miamba ya Australia. Hapa kazi hiyo hutawanyika katika miezi kadhaa, hasa ya kaskazi, na jamii nyingine hulea mabuu ndani ya mwili na kuyatoa yakiwa tayari kujishikiza. Kwa hiyo hatukuwa na tarehe ya kungojea. Tulikuwa tukitafuta tu.

Chini ya mwanga wa buluu, kwenye ukingo wa tundu la jiwe la nne, kulikuwa na nukta iliyowaka kijani. Kisha nyingine. Niliikaribia hadi miwani ikakaribia kugusa zege. Ilikuwa na upana wa milimita tatu au nne, na ndani yake niliona vikombe vichache vilivyoshikana, kila kimoja kikiwa na kuta nyembamba zilizosimama kama mishale ya saa kuelekea katikati, na mikono yake midogo ikiwa wazi kwa ajili ya usiku. Kiumbe huyo huanza akiwa mmoja, hujijengea kikombe, kisha hujigawa akawa wawili, wanne, na kuendelea. Kwa umbo lake nadhani ni Pocillopora, jamii ya matawi mafupi mazito, ambayo mara nyingi ndiyo huwahi kufika kwenye jiwe jipya.

Wote tuliowapata walikuwa pembezoni mwa matundu au pale pembe inapoanza kuinama kuelekea chini. Juu kabisa hakukuwa na hata mmoja, kwa sababu ya tope. Ndani kabisa hakukuwa na hata mmoja, kwa sababu ya giza na sifongo. Wamejibana katika utepe mwembamba wenye mwanga wa kutosha, usio na tope, na ambao mdomo wa pono haufiki vizuri. Kama tungetengeneza mawe mengine leo, tungeongeza kingo na mifuo kuliko kitu kingine chochote. Kuta laini tulizojivunia pale ufukweni hazina thamani yoyote kwa tumbawe.

Mawe mawili ya oili yana vikombe vyeupe vichache na mwani kidogo.

Aprili 2024

Maji yana joto lisilo la kawaida. Tumbawe huanza kuteseka joto la bahari linapopanda kama nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto na kubaki hapo kwa wiki kadhaa. Ndipo humtoa kijimwani kinachoishi ndani ya nyama yake na kumlisha, nayo mifupa yake myeupe huonekana. Tarehe 15 mwezi huu shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, limetangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani, na Tanzania na Kenya zimetajwa miongoni mwa walioathirika. Wazee hapa wanaikumbuka 1998, mwaka ambao miamba mingi ya Bahari ya Hindi magharibi ilibaki mifupa.

Kwenye mwamba wa asili ulio jirani, matumbawe ya matawi yamepauka kwa wingi, ilhali yale makubwa ya mviringo ya jamii ya Porites yamebaki na rangi yake kwa sehemu kubwa. Kwenye mawe yetu, watoto walioko kwenye kingo zinazopata jua la mchana wamepauka. Walioko chini ya mkunjo, wenye kivuli baada ya saa sita, wengi wana rangi. Ni jiwe moja, pembe mbili zilizopishana kwa upana wa mkono, na hali zao hazifanani. Imeniuma kuhesabu, lakini tumehesabu.

Mei 2024

Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4. Vyombo vilibaki pwani. Mawe hayakusogea, moja limezama mchangani hadi nusu, na vigae vinne vimepotea.

Oktoba 2024

Nusu hivi ya watoto wa tumbawe waliopauka wamekufa na kufunikwa na mwani. Waliosalia wamerudisha rangi, na mkubwa wao sasa ana vitawi vitano na upana wa kikombe cha kahawa.

Pweza amehamia jiwe la pili. Tuligundua kwa marundo ya makombe yaliyovunjwa mlangoni pake kabla ya kumwona mwenyewe. Kikande mmoja mwenye mistari ya machungwa huonekana kila tunapozamia, naye namfurahia kwa sababu ya chakula chake: huwageuza wale wanyama weusi wa miiba, wanaokwangua mwamba usiku, na kuwala kutoka upande wa chini usio na miiba mirefu. Pwani ya Kenya imeonekana kwa miaka mingi kwamba vikande wakivuliwa sana, wanyama hao wa miiba huongezeka kupita kiasi na kuutafuna mwamba pamoja na watoto wa matumbawe. Nimeieleza kamati habari ya kikande huyu, na wajumbe wamekubali aachwe hata siku eneo litakapofunguliwa. Kuhusu tarehe ya kufungua bado tunavutana. Mjumbe mmoja aliniambia kwa haki kabisa kwamba mwaka wa pili wa kusubiri si sawa na wa kwanza kwa mwenye watoto shuleni.

Machi 2025

Upande wa kaskazini wa jiwe la kwanza la oili una gamba la waridi la upana wa viganja viwili, na juu yake kuna mtoto mmoja wa tumbawe. Imechukua zaidi ya miaka miwili kuta hizo kufikia hali ambayo jirani zake waliifikia katika mwaka mmoja.

Kwenye jiwe la nne, katikati ya matawi ya ile Pocillopora ya usiku wa Novemba, wanaishi samaki sita weusi wenye mapingu meupe. Mkubwa wao hafikii ukucha wa kidole changu cha shahada. Samaki wa ukubwa huo hakuogelea kutoka mwamba wa jirani; alifika akiwa buu kutoka bahari kuu, akalichagua tumbawe hili, akageuka kuwa samaki ndani yake. Kivuli cha mkono wangu kilipopita juu, wote sita walirudi kati ya matawi kwa pamoja, na kilipoondoka wakatoka mmoja mmoja. Nimewapiga picha, na picha hii ndiyo nitakayoipeleka kwa kamati Jumamosi pamoja na hesabu za miaka miwili, ili mjadala wa kufungua eneo uanzie hapo.

Kamba ya boya la kaskazini imelika. Itabadilishwa kabla ya bamvua lijalo.